Kaboni Niliyompa Fundi Cherehani

Juzi mjukuu wangu Neema kanifukuza dukani kwake. Ana steshenari pale Utemini, anachapa barua, anatoa kopi, anapiga picha za paspoti. Kanifukuza kwa heshima zote, shikamoo bibi kwanza, ndipo akaninyang'anya kibodi. Kisa chenyewe ni kwamba wateja walikuwa wamejaa, nikamwambia nipishe nikusaidie, nikakaa, nikachapa mistari mitatu tu ya barua ya kijana mmoja anayeomba kazi. Herufi A ikang'oka, ikaruka, ikatua ndani ya chai ya huyohuyo kijana.

"Bibi! Hii ni ya kugusa, siyo ya kupiga!"

"Mimi niliajiriwa kupiga," nikamjibu. "Kugusa hakukuwemo kwenye barua yangu ya ajira."

Watu wakacheka pale, kijana mwenyewe anaivua A yake kwa kijiko. Neema naye akacheka, lakini kibodi hakunirudishia. Basi nimekaa nyumbani, nimeshika kalamu, nawaandikia ninyi wachapaji wa leo, Neema na wenzako wote, maana nimegundua hamjui mmetokea wapi. Mnadhani kibodi ilizaliwa pamoja na kompyuta.

Taipureta ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa chuma kitupu. Kuihamisha kutoka meza moja kwenda nyingine walihitajika wanaume wawili na dua. Ukibonyeza herufi, kijiti cha chuma kinainuka kutoka tumboni mwake, kinaupiga utepe wenye wino, utepe unagonga karatasi, na herufi inakaa hapo mpaka kiama. Ukikaribia mwisho wa mstari inalia ngrii! Hapo unashika mkono wa chuma ulio pembeni, unaisukuma roli yote irudi kulia ili uanze mstari mpya. Kama ulikuwa umeweka kikombe upande wa kulia, chai hiyo umeshaiaga. Mimi nimeaga vikombe vingi.

Namba moja haikuwepo kwenye mashine yangu. Msibishe, nilikuwepo mimi! Tulikuwa tunatumia L ndogo. Alama ya mshangao nayo haikuwepo: unaweka kile kialama cha juu kama kilichomo kwenye neno ng'ombe, unarudi nyuma hatua moja, unatia nukta chini yake. Ndiyo maana barua za ofisini za enzi zile hazishangai kitu. Mtu anaandikiwa amefukuzwa kazi, na barua imetulia tu.

Halafu herufi zenyewe zilipangwa na watu wa mbali huko ambao hawakuwa wakitufikiria kabisa. Wanasema walizitawanya vile ili vijiti visigongane na kunasana njiani. Sawa, nimewasamehe. Lakini A wameitupia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole ambacho kazi yake ilikuwa kupekecha sikio! Sasa Kiswahili bila A kitasemwaje? Hebu jaribuni kuchapa "watakapowapatia" muone. Kwenye mashine yangu Q na X zilikuwa zinang'aa mpya miaka yote, A imefutika mpaka haionekani. Na kile kidole changu kidogo mpaka leo kina nguvu. Neema anaweza kutoa ushahidi.

Aliyenifundisha ni Mama Sesilia, mchapaji mkuu wa ofisi yetu, Mnyiramba wa Kiomboi, mama mnene, mtaratibu, mwenye sauti ndogo na rula ndefu. Siku ya kwanza alivua kitenge chake cha mabegani, akanifunika mikono pamoja na mashine, akasema, "Chapa."

"Mama, sioni."

"Nani kakwambia macho ndiyo yanachapa?"

Akawa anagonga rula mezani, ko, ko, ko, na kila ko ni herufi moja. Ukiwahi unagongwa, ukichelewa unagongwa. Wiki tatu nilikuwa naota ko. Mama yangu mzazi kule Mwankoko alikuwa akitwanga, mimi vidole vinacheza vyenyewe kwa mapigo ya mchi, ananiuliza mwanangu una degedege? Lakini baada ya hapo, wee! Nilikuwa naweza kuchapa huku nakuangalia usoni, tunapiga soga, na barua inatoka safi. Wageni walikuwa wanaletwa kuniangalia. Ninyi mnaochapa kwa vidole viwili huku mmeinamia kibodi kana kwamba mmepoteza sindano, chukueni kitenge mjifunike. Bado inafaa.

Makosa yangu? Mengi, wala sioni haya. Mnaujua upepo wa Singida, vumbi lake linaingia hata ndani ya yai. Mashine yangu ikawa nzito, Mama Sesilia akaniambia itie mafuta. Hakusema mafuta gani. Na mimi mtoto wa Mwankoko mafuta ninayoyajua ni ya alizeti. Nikaimiminia, tena kwa upendo. Siku ya kwanza ilipepea! Siku ya tatu alizeti na vumbi vikashikana, vijiti vikasimama vyote juu, havishuki, ofisi nzima inanukia maandazi. Fundi wa mashine alipoletwa aliinusa, akanitazama, akauliza, "Dada, ulikuwa unataka kuikaanga?" Ni mafuta ya cherehani, wanangu. Tone moja, kwa ncha ya unyoya wa kuku, basi.

Sasa niwaeleze kaboni, maana kisa changu chote kiko humo.

Mnapotuma barua pepe kuna pale mnaandika cc, mnaweka jina la mtu wa pili. Nilimuuliza Neema hiyo cc ni nini, akasema ni "kumkopi mtu". Loo! Ile C ya kwanza ni carbon ya Kiingereza, yaani kaboni, karatasi nyepesi yenye wino mzito upande mmoja. Unaweka karatasi safi, nyuma yake kaboni, nyuma yake karatasi nyingine, unazipanga zikae sawa, unaziingiza kwenye roli. Ukipiga mara moja zinachapwa zote mbili. Ukitaka nakala nne unapanga kaboni nne na unapiga kwa hasira. Na ole wako ugeuze kaboni! Mimi niligeuza. Barua ikatoka nzuri mbele, mgongoni imejichapa tena kinyumenyume, na nakala nyeupe pee. Mama Sesilia alinishika mkono, akanipeleka kwenye kioo cha chooni, akaniamuru niisome yote kwa sauti.

Kuna jambo moja kuhusu kaboni ambalo watu wa nje hawakulijua. Kaboni mpya, iliyotumika mara moja tu, inasomeka. Kila herufi uliyopiga imeacha kidirisha. Ukiielekeza kwenye jua unaiona barua nzima, kuanzia tarehe mpaka wako mtiifu. Kaboni iliyotumika mara kumi haisomeki, ni vurugu tupu. Kwa hiyo sheria ya Mama Sesilia ilikuwa hivi: barua ya siri, kaboni yake inachomwa siku hiyohiyo.

Nilikuwa nimemaliza miezi minne ofisini, bado niko kwenye majaribio, sijathibitishwa. Mama Sesilia akaenda likizo kwao Kiomboi. Jumatatu asubuhi Mkuu wa ofisi akaniita ndani. Ofisi yenyewe siitaji, na Mkuu mwenyewe namwita Mkuu tu. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, nadhifu, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia kitunguu. Akafunga mlango.

"Veronika, hii ni siri. Nakala moja tu."

Ilikuwa barua ya kuomba uhamisho. Anaomba makao makuu yamtoe Singida. Jamani, ile barua! Aliandika kwamba upepo wa mji huu umemchukulia kofia tatu. Kwamba chai yake ina mchanga. Kwamba watu ni wema kupita kiasi, kila anapokwenda anachinjiwa kuku, na sasa akiona kuku barabarani anajisikia kushiba. Kwamba hajaonja samaki wa nazi tangu aje. Nilichapa huku nimejiuma ulimi nisicheke, na sikukosea hata herufi moja. Mkuu akasaini, akaifunga mwenyewe kwenye bahasha, nakala akaifungia kabatini mwake, akampa tarishi wetu Mzee Saidi aipeleke posta.

Nikabaki na kaboni mkononi. Mpya kabisa! Inang'aa! Kaboni zilikuwa za shida wakati ule, tunagawiwa moja moja, tunazitumia mpaka zinachoka kama nguo ya shamba. Niichome? Roho iliniuma kweli. Na isitoshe, Fundi Ramadhani alikuwa na kitambaa changu. Alikuwa anashona kwenye baraza la duka la nguo la Mama Rekha, na gauni langu la kola ya mviringo lilikuwa limekwama wiki mbili kwa sababu kaboni yake ya kukopia vipimo ilikuwa imekufa. Mafundi wanaweka kaboni juu ya kitambaa, wanapitisha kigurudumu chenye meno, alama inabaki. Nikaiona kola. Nikajiona mimi ndani ya kola Jumapili kanisani. Nikaikunja kaboni, nikaitia kwenye mkoba, na mchana nikampelekea.

Gauni likawa tayari kesho yake. Lilinikaa hilo, acha tu.

Jumatano asubuhi akaja Mama Rekha mwenye duka. Alibeba sahani ya laddu, vile vitamu vya mviringo vya Kihindi, zimefunikwa kitambaa cheupe. Akaingia moja kwa moja kwa Mkuu, mlango wazi, nikamsikia: "Mkuu, sisi nasikitika sana wewe naondoka. Kula tamu, safari iwe tamu."

Mkuu akasema, "Safari? Safari gani?"

Mama Rekha akamkonyeza, akasema anaelewa, mambo ya serikali, akatoka zake. Hapo nikaikumbuka kaboni. Fundi Ramadhani alikuwa ameitandika ile kaboni kwenye meza ya kioo pale barazani, jua linapiga kwa chini, na wateja wanaosubiri hawana kazi nyingine ila kusoma.

Haikupita saa moja, ukumbi ukajaa. Walikuja wazee wa kwetu Mwankoko, wamevaa makoti, na kuku wanne wamefungwa miguu, na gunia la alizeti. Walikuja wafugaji nyuki waliofika mjini kutoka Rungwa, wamebeba dumu la asali. Msemaji wa Mwankoko akavua kofia, akasimama mbele ya Mkuu, akasema kwa sauti ya msiba kabisa:

"Mkuu, tumesikia upepo wetu umekuchosha. Utusamehe. Tumejitahidi, hatuna pa kuufunga."

Uso wa Mkuu ulikuwa wa kijivu. Mzee akaendelea, "Na kuku tumesikia wamekukinai. Hawa siyo wa kula. Hawa ni wa kufuga, uende nao pwani wakukumbushe."

Nikashindwa. Nikaingia chini ya meza eti nimeangusha kalamu, nacheka na kulia kwa wakati mmoja. Kumbe kuku mmoja alikuwa amefungwa ovyo. Akafunguka, akaruka, akatua juu ya mashine yangu, akatembea. Ta, ta-ta, ta! Alichapa herufi nne na mkato, ngrii ikalia, akaogopa, akaacha alama nyingine ambayo haimo kwenye kibodi. Tulimkimbiza ofisi nzima, wazee wa makoti, wafugaji nyuki, mimi na gauni langu la kola, mafaili yanaruka. Mpaka leo nikikumbuka nashika mbavu.

Ila Mkuu hakucheka. Wageni walipotoka alituita mimi na Mzee Saidi, akafunga mlango.

"Barua ile tumeigusa watu watatu," akasema. "Mimi niliyeiandika. Veronika aliyeichapa, naye yuko kwenye majaribio, hawezi kuthubutu. Na wewe Mzee Saidi uliyeibeba. Uliifungua njiani ukaisoma."

Mzee Saidi alikuwa mtu wa makamo ya baba yangu, Mnyaturu, mwembamba, mwendo wa haraka, kalamu daima mfuko wa shati. Mji mzima alikuwa anaujua kwa miguu. Nikangoja aape, angalau aseme hapana. Hakusema. Alisimama wima, na midomo yake, nawaambia kweli, ilikuwa inataka kutabasamu. Nikadhani ni uchungu, watu wengine uchungu huwatoka hivyo.

"Mkuu anaona mimi ndiye niliyesoma barua?" akauliza taratibu.

"Ndivyo ninavyoona."

"Haya. Kama Mkuu anaona hivyo."

Mkuu akampa mpaka Ijumaa ajieleze kwa maandishi, na maelezo yasiporidhisha aandike na barua ya kuacha kazi palepale. Mzee Saidi akaitikia, akatoka. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale na sikusema. Niliogopa, wanangu. Nilikuwa wa kwanza nyumbani kwetu kukaa kwenye kiti cha ofisi, na mama alikuwa ameshawatangazia majirani wote.

Usiku na mchana nilijipa maneno. Mzee huyu amebakiza muda mfupi astaafu. Labda maelezo yatamridhisha Mkuu. Labda watasahau. Lakini Alhamisi Mzee Saidi akaja mezani kwangu, akavuta kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nichapie ile ya kujieleza."

Nikaweka karatasi. "Niandikeje, mzee?"

"Wewe ndiye mtaalamu. Andika inavyotakiwa."

Nikaanza. Mimi Saidi, tarishi wa ofisi hii, napenda kueleza kwamba barua hiyo niliipokea ikiwa imefungwa na kwamba sikuisoma. Nikamsomea kwa sauti. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya mashine.

"Hilo la mwisho litoe."

"Lipi?"

"Hilo la kwamba sikuisoma. Usiandike hivyo."

"Mzee, hilo ndilo litakalokuokoa!"

"Litoe tu, mwanangu. Andika mengine."

Akanitazama kwa upole. Nikasema moyoni, anajua. Huyu mzee anajua ni mimi, na ameamua kunibebea. Nilimwona pale kama mtakatifu, nikajiona mimi mdudu. Nikaichomoa karatasi ile kwenye mashine, nikaipasua vipande. Nikaweka nyingine, na nyuma yake kaboni na nakala, maana hata nikienda kufa nitakufa kwa utaratibu, nikachapa yangu: Mimi Veronika, mpiga chapa wa majaribio, ndiye niliyempa fundi cherehani kaboni ya barua yako ya siri, kwa ajili ya kola. Nililia mpaka A zikawa hazionekani, lakini kidole kidogo kilijua ilipo kila moja.

Nikaenda nayo kwa Mkuu mwenyewe. Mzee Saidi alikuwa ananiita nyuma, mwanangu, mwanangu, sikugeuka.

Mkuu aliisoma mara mbili. Akauliza, "Kola?"

"Ndiyo, Mkuu. Ya mviringo."

Akaniamuru nikailete ile kaboni. Nikakimbia mpaka barazani kwa Fundi Ramadhani, nikaikuta imeshatobolewatobolewa na kigurudumu, nikarudi nayo mbio. Mkuu akasimama dirishani, akaielekeza kwenye jua, akaisoma barua yake mwenyewe kwa vidirisha, samaki, kofia, kuku, na katikati yake alama za kola yangu. Mabega yake yakatikisika. Sikujua anacheka au analia, alikuwa amenipa mgongo.

"Lete mashine yako humu ndani," akasema. "Chapa."

Sasa ninyi hamjawahi kuchapa barua yenu wenyewe ya adhabu. Mimi nimechapa. Yeye anatembea chumbani anasema, mimi nakaa nachapa, na sijui sentensi inaishia wapi. "Kwa Veronika, mpiga chapa." Nachapa. "Yah, kosa lako la kaboni." Nachapa. "Kwa barua hii unajulishwa kwamba kuanzia leo." Halafu akanyamaza! Akanywa chai! Vidole vyangu viko juu, vinangoja, kuanzia leo nini? Nirudi Mwankoko? Akatema chembe ya mchanga kwenye kitambaa, akaendelea. "Muda wako wa majaribio umeongezwa miezi sita, na kaboni zote za siri utazichoma mbele ya macho yangu." Nikapumua mpaka karatasi ikainuka. "Mzee Saidi hana hatia. Imethibitika kwamba barua hakuisoma. Nakala apewe yeye."

Sikukosea hata mahali pamoja. Mkuu naye alihama baada ya mwaka, na wale kuku watatu alikwenda nao kweli. Wa nne, mchapaji, tulimla sisi ofisini.

Lakini barua yangu, ingawa niliichapa mwenyewe, ilibidi ipite masijala, igongwe muhuri, irudi kwangu kwa mkono wa tarishi. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi Mzee Saidi akaja na bahasha mbili, yangu na yake, na kitabu cha dispachi cha kusaini. Nikasaini haraka, furaha imenijaa, nikamshika mkono.

"Mzee, umesafishwa! Fungua uone. Mkuu ameandika kwa maneno yake kwamba barua hukuisoma!"

Uso ukamshuka. Akakaa kwenye kiti polepole.

"Ameandika hivyo? Kwamba sikuisoma?"

"Ndiyo!"

"Na imegongwa muhuri?"

"Muhuri, saini, kila kitu. Mzee, kwani hufurahi?"

Akatazama mlangoni kama kuna mtu. Akasogeza kiti.

"Mwanangu, mimi sijui kusoma," akasema. "Hata A siijui. Bahasha nazipanga kwenye mkoba kwa mfuatano yule wa masijala anavyozitaja, ndivyo ninavyozigawa. Saini mke wangu alinifundisha kuichora. Kisomo cha watu wazima kilipokuja mtaani kwetu niliona haya, nitakwendaje na mimi nimevaa sare ya serikali? Sasa Mkuu aliposema mbele yako kwamba nimesoma barua, tena ya siri, tena ndefu..." Akacheka kidogo, machozi yakamtoka. "Hakuna aliyewahi kunisingizia kusoma. Nilisema moyoni, acha wanifukuze nalo."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kumshukuru kwa kunibebea dhambi! Sikuwa hata mawazoni mwake. Nikacheka, nikalia, naye akacheka kwa kuniona mimi, tukawa tunafutana machozi kwa karatasi za ofisi. Halafu nikasimama, nikampa kiti changu. Alikataa, nikamsukuma. Nikaweka karatasi safi kwenye roli, nikamshika kidole chake cha shahada, kigumu kwa kufunga vifurushi, nikamwongoza. S. Aliigonga kwa woga, kijiti kikainuka nusu kikarudi. "Piga, mzee, usiiguse." Akapiga. Halafu A, halafu I, halafu D, halafu I tena. Nikaipandisha karatasi aione vizuri.

Akainama karibu mpaka pua ikagusa utepe.

"Hii ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Yote?"

"Yote, mzee. Saidi."

Akaitazama muda mrefu, anaifuata kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, anarudi mwanzo tena. Pua yake ilikuwa na wino.

"Kumbe nilikuwa nakiogopa kitu kifupi hivi," akasema. "Weka na la baba. Naye nataka nimsome."